Kipande Nilichokikata kwenye Picha ya Daraja

Mjukuu wangu Sheikha anafanya kazi kwenye senema za ndani ya soko moja kubwa Maskati. Siku aliyonipeleka nikaone chumba chao cha mashine, nilikuta mashine nne zinakwenda zenyewe, chumba baridi kama friji, hamna mtu hata mmoja. Nikamuuliza, "Sasa wewe kazi yako nini?" Akanijibu, "Babu, mimi nauza bisi." Tulicheka sana. Lakini tulipokuwa tunarudi garini akaniomba niwaandikie yeye na wenzake namna kazi ilivyokuwa zamani, maana hakuna anayewaambia. Basi naandika. Msitegemee mpangilio, naandika kama ninavyokumbuka.

Mlijue kwanza hili: picha ilikuwa kitu cha kushikika. Ilikuja kwenye masanduku ya chuma, riili, yaani magurudumu ya mkanda, kumi na nne au zaidi kwa picha moja ya Kihindi, na ukibeba sanduku ngazi mbili mgongo unakwambia. Nizwa sisi tulikuwa tunaletewa kwa teksi kutoka Maskati kila Jumatano. Dereva alikuwa na dada anayekaa Fanja, njiani, kwa hivyo masanduku yetu yalikuwa yanakula chakula cha mchana Fanja kila wiki kabla hayajatufikia. Tukimlalamikia anasema barabara mbaya. Shati lake linanuka samaki wa kukaanga.

Kila riili ilikwenda kama dakika kumi, halafu lazima uhamie mashine ya pili bila watu kujua. Kwenye pembe ya juu kulia ya picha kulikuwa na alama ndogo ya duara. Ikitokea ya kwanza, unawasha mashine ya pili. Ikitokea ya pili, unahamisha. Watazamaji hawaioni, lakini ukishaijua huwezi tena kutoiona. Mke wangu Zuwena alikuwa hapendi kwenda senema na mimi kwa sababu kila dakika kumi nilikuwa nashtuka kitini.

Aliyenifundisha alikuwa Mmalayali mmoja wa India ya kusini, Thomas, kule Sur, senema ya kwanza niliyofanya kazi Omani. Mimi nilitoka Unguja na ufundi wa redio tu. Thomas alikuwa mwembamba, mkali, anavaa soksi ndani ya kandambili. Neno lake kila siku lilikuwa moja: "Suleiman, usiangalie picha. Angalia mwanga." Maana yake, fundi anayefuata kisa atapitwa na taa inayofifia, atapitwa na mkanda unaokwaruza, atapitwa na kitanzi. Kitanzi ni ule ulegevu mdogo wa mkanda unaouacha juu na chini ya mlango wa mashine, pale mwanga unapopita kwenye mkanda. Kikikaza, picha inaruka kama mtu mwenye kwikwi. Thomas alinifundisha kukirudisha kwa kidole mashine ikiwa inakwenda. Msijaribu. Kidole changu kimoja hadi leo hakina ncha ya kawaida.

Wiki ya pili tu nilichanganya riili ya tatu na ya tano. Shujaa akauliwa, akazikwa, halafu akatokea kwenye harusi yake mwenyewe anacheza ngoma. Nilingoja kurushiwa mawe. Hayakuja. Mzee mmoja wa Kisuri ndiye aliyenisubiri mlangoni akaniuliza kwa upole, "Yule maiti nani kamfufua?" Thomas hakunisemesha siku mbili.

Kosa hilo la Sur nimelisimulia kwenye harusi nyingi. La Nizwa, nilikohamia baadaye, sijamsimulia mtu ila Zuwena.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla hatujafika katikati yake. Alhamisi na Ijumaa ndizo zilikuwa siku za mapumziko, na mchana wa siku hizo ukumbi ulikuwa wa Wahindi. Walikuja kutoka gereji na viwanda vya Firq, nje kidogo ya mji, wengine wamejazana kwenye pikapu, mashati yamepigwa pasi mpaka yanakata. Wiki ile tulipata picha ya Kitamil. Jina lake sikuweza kulitamka, mlangoni tukaiita picha ya daraja.

Kisa hakikuwa kigumu. Waziri mmoja na kontrakta wake wanajenga daraja kwa saruji ya uwongo. Daraja linaanguka na watu. Karani mmoja wa ofisi ya mito, mtu mdogo wa miwani, anazo karatasi za kweli, na kila mkubwa anamtaka azichome. Ngumi hamna, nyimbo mbili tu. Nilidhani watu watalala. Mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nilivunja amri ya Thomas nikaangalia picha, nikisoma maandishi ya Kiarabu yaliyokuwa yakipita chini.

Kwenye riili ya saba kuna fundi wa saruji amelala hospitali, hajitambui. Wanaingia watu watatu na karatasi. Mmoja anamshika mkono, anampaka wino kidole gumba, anakibandika kwenye karatasi inayosema kosa la daraja lilikuwa lake. Karani anaona yote kwenye kioo cha mlango. Hamna muziki. Dakika nne nzima unasikia feni ya dari tu.

Alhamisi ile, ilipofika hapo, niliona kwenye tundu langu la ukutani, la kuangalilia ukumbi, kitu sijapata kukiona. Watu walianza kusimama. Mmoja upande wa kushoto, wawili nyuma yake, halafu safu nzima. Hawakupiga kelele. Walisimama tu mpaka kipande kikaisha, wakakaa. Nikabaki na wasiwasi ambao sikujua sababu yake.

Sababu yake ilikuja Ijumaa asubuhi, imebeba mkungu wa ndizi.

Alikuwa Khalfan. Hapa lazima niwaambie Khalfan alikuwa nani kwangu. Mwaka niliorudi Omani sikuwa na karatasi hata moja, na Kiarabu changu kilikuwa cha kuokoteza. Nilitakiwa mashahidi wa kuthibitisha ukoo wetu, vyenginevyo nibaki mgeni kwenye nchi ya babu zangu. Khalfan alitoka Tabora, alikuwa amemjua baba yangu huko. Alifunga safari kutoka Nizwa, akasimama mbele ya watu asiowajua, akaapa kwamba mimi ni mtoto wa fulani bin fulani. Pasipoti yangu, kazi yangu, skuli ya wanangu, vyote vilipita kwenye ulimi wake. Hakuwahi kunikumbusha hata siku moja. Baadaye akawa kontrakta wa majengo Firq, akanunua na kijishamba Birkat al Mauz, na kila msimu tulikula ndizi zake.

Akakaa kwenye kigoda changu cha chumba cha mashine, akajipangusa jasho.

"Suleiman, hii picha mnayoonyesha ni problem."

"Problem gani?"

"Vijana wangu wa saiti wameiona jana. Leo asubuhi nimepita kambini kwao, hawasikii, wananiangalia tu. Kuna kipande cha hospitali humo, sivyo? Supavaiza wangu kaniambia."

"Kipo."

"Kitoe."

Nikamwambia picha imekuja na cheti cha ruhusa kutoka Maskati. Kinachotolewa kinatolewa huko. Mimi nikikata, nimevunja sheria.

"Dakika nne tu, ndugu yangu," akasema. "Watafanya fujo, watakamatwa, watapandishwa ndege. Wana watoto kwao. Wewe utakuwa umewasaidia wao, si mimi."

Nilijua kuna Mhindi aliyeanguka Firq wiki tatu nyuma, jukwaa la mbao lilivunjika. Mji mdogo, khabari zinafika. Nilijua alikuwa mtu wa Khalfan. Ningeweza kumuuliza, "Kwani hospitali kumetokea nini?" Neno hilo lilikuwa mdomoni. Sikulisema, kwa sababu nilikhofu atanijibu.

Nikasema, "Haya."

Kukata ni ufundi, na mimi nilikuwa hodari, nisijifanye. Unakata kwenye mstari baina ya picha mbili, unaunganisha kwa utepe mwembamba, halafu unapitisha mkanda vidoleni umefumba macho. Ukisikia kikwazo, rudia. Sikusikia kikwazo. Kuna jambo moja tu lisiloepukika: kwenye mkanda, sauti haikai pembeni ya picha yake, imepishana nayo kidogo, kwa hivyo ukikata lazima utakata neno la mtu. Kipande nilikizungusha, nikakiweka kwenye bati la biskuti chini ya meza. Thomas alinizoesha kutotupa mkanda. Nashukuru kwa hilo mpaka leo.

Saa nane mchana ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Waliokuja jana walirudi na wenzao. Riili ya sita ikaisha, alama ikatokea, nikahamisha. Karani akatembea kwenye ujia wa hospitali, akanyoosha mkono kwenye mlango, neno la muuguzi likakatika nusu, na papo hapo karani yuko nyumbani kwake anakula wali.

Mtu asiyeijua asingetambua. Lakini nusu ya ukumbi iliijua.

Nilingoja kelele. Badala yake waligeuka. Mmoja, halafu watano, halafu wote, wakageuza shingo wakaniangalia mimi juu, kwenye tundu dogo la mwanga. Picha inaendelea nyuma yao na hakuna anayeitazama. Niliona nyuso zao zinabadilika rangi kwa mwanga wa mashine yangu mwenyewe. Nikajitoa kwenye tundu nikaegemea ukuta kama mtu anayewindwa.

Wakatoka nje bila ya fujo. Wakakaa chini mbele ya mlango wa senema, juani, watu wengi, kimya.

Meneja wetu alipanda ngazi mbili mbili. "Suleiman, kuna nini? Hawataki kuondoka. Polisi wakipita wakaona mkusanyiko huu, senema inafungwa."

"Mkanda umekatika," nikasema.

"Utengeneze. Nakupa mpaka alasiri iadhiniwe, halafu nawapigia polisi simu mwenyewe. Sina njia."

Ndivyo ilivyokuwa. Wakipigiwa simu, yale maneno ya Khalfan ya ndege yatakuwa kweli, na mimi ndiye niliyeyatimiza.

Meneja hajamaliza kushuka, akapanda mtu mwengine. Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, mtu wa makamo, ana alama za cheche mikononi. Akaniambia jina lake Selvam. Tulizungumza kile Kiarabu cha sokoni ambacho kila mtu Omani anakijua, kisicho na sarufi.

"Baba, kipande kiko wapi?"

"Kipande gani?"

Hakukasirika. Akatazama chini ya meza, akatazama mashine, akanitazama mimi. "Baba, nisikilize. Murugan aliyeanguka, mimi nakaa naye chumba kimoja. Siku mbili hakujitambua. Alipofumbua macho, kidole chake kina wino."

Nikakaa.

"Kuna karatasi," akaendelea. "Inasema Murugan alilegeza kamba mwenyewe. Kamba zilikuwa zimeoza, sote tuliziona. Kesho Jumamosi anakuja mtu wa serikali kutuuliza. Hakuna aliyetaka kusema, tunaogopa. Jana baada ya picha, watatu wakasema, sawa, tutasema. Mimi mmoja wao."

"Na leo?"

"Leo wanasema serikali imekata. Jana kipo, leo hakipo. Kama serikali imekata, basi serikali iko na arbabu, tajiri wetu. Kesho hakuna atakayesema."

Vijana wangu, nimekaa na neno hilo miaka mingi. Mimi nilidhani nimeondoa dakika nne za picha. Sikujua kwamba watu walioko chini wanasoma mkasi wangu kama waraka wa serikali.

Nilimfikiria Khalfan ameinua mkono anaapa kwa ajili yangu. Nilifikiria kazi yangu, maana kukata picha yenye cheti si jambo dogo. Nilikuwa na watoto wanne skuli.

Nikavuta lile bati chini ya meza nikamwekea mkononi. "Shika. Tushuke."

Nje jua lilikuwa kali. Nilisimama kizingitini, nyuso zote zinanitazama kama zilivyonitazama kwenye tundu. Nikasema, "Si serikali. Serikali haikukata. Mimi nimekata, leo asubuhi, kwa mkono huu." Selvam akatafsiri kwa Kitamil, akafungua bati akawaonyesha.

Mtu mmoja nyuma akauliza kitu. Selvam akanigeukia. "Anauliza, nani alikwambia ukate?"

"Niliombwa na mtu mwenye haki kubwa kwangu," nikasema. "Lakini mkono ni wangu."

Jina sikulitaja. Halikuhitajika. Meneja alikuwa nyuma yangu mlangoni amesikia yote.

Nikawaambia waingie, riili ya saba itaonyeshwa tena, yote.

Asubuhi nilikata kwa mkono wa fundi. Mchana niliunganisha kwa mkono wa mgonjwa. Jasho lilidondoka kwenye utepe, ukakataa kushika. Nikafuta, nikarudia. Nilikuwa nimeshaunganisha upande mmoja ndipo nikaona mstari wa sauti uko kulia badala ya kushoto, yaani kipande kimegeuka. Kama nisingeangalia, hospitali nzima ingetokea kinyumenyume na bila sauti, na wao wangesema nimewafanyia mzaha. Nikabandua, nikaanza upya. Muadhini akaanza kukohoa kwenye kipaza sauti cha msikiti wa jirani nilipokuwa nafunga mlango wa mashine.

Maungio yale mawili ya mkanda yalikuwa ya aibu. La kwanza lilipofika mlangoni mwa mashine lilikwama kidogo, kitanzi kikakaza, picha ikaanza kuruka na fundi wa saruji akatikisika kitandani kama yuko kwenye lori. Ningezima mashine, sidhani kama wangeamini inawashwa tena. Nikaingiza kidole, nikakirudisha kitanzi kama alivyonifundisha Thomas. Kikanikata. Picha ikatulia. Wino, kidole, karatasi, macho ya karani kwenye kioo. Kule chini wakasimama, kimya, mpaka mwisho wa kipande. Damu ilikuwa inachuruzika kwenye kanzu yangu na mimi sijui.

Jumamosi walikwenda watano kutoa ushahidi. Niliambiwa na Selvam. Kamba zilikutwa, zimefichwa ghalani. Karatasi ya kidole ikatupwa nje ya kesi. Khalfan hakufungwa, lakini alihukumiwa amgharamie Murugan matibabu na haki zake zote, na leseni yake ilisimamishwa mwaka mzima. Supavaiza wake aliondoka nchini kabla hajaitwa.

Mimi nilitolewa kwenye mashine, nikawekwa mlangoni kuchana tiketi karibu mwaka. Meneja alisema nishukuru hakupeleka khabari mbele, na nilishukuru. Siku moja nikiwa mlangoni akaja mtu na magongo mawili, mguu mmoja umenyooka kama ubao. Akanipa tiketi, nikaichana. Sikujua ni nani mpaka nilipomwona Selvam nyuma yake. Murugan alikaa safu ya mwisho, mguu kaunyoosha kwenye njia, akaangalia picha ya vichekesho akacheka sana. Wiki iliyofuata alirudi kwao. Hatukuzungumza neno lolote, na sijui kama aliambiwa mimi nani.

Zuwena nilipomweleza aliuliza jambo moja tu. "Na Khalfan? Utamtazama vipi?"

Sikumtazama. Yeye ndiye aliyeacha kunitazama. Harusini akiingia mlango huu, mimi nakaa upande ule. Watoto wetu waliendelea kucheza pamoja, wazazi tukawa wageni. Sikumlaumu. Kama angekuja kunitukana ningefurahi zaidi.

Baadaye senema yetu ilifungwa, watu wakawa na dishi na mikanda ya video, halafu sidii. Nikastaafu. Ilikuwa miaka ya elfu mbili imeshasogea nilipokwenda Ibra kwenye msiba wa mtu tuliyemjua sote tangu Afrika. Nimekaa kwenye mkeka barazani, akaja mzee akakaa pembeni yangu kwa sababu nafasi nyengine haikuwepo. Khalfan. Ndevu nyeupe, amepungua nusu.

Tukasalimiana. Tukanywa kahawa. Akasema, bila ya kunigeukia, "Ile picha sijapata kuiona. Yule aliyelala kitandani aliishia wapi?"

"Alikufa."

"Wetu hakufa."

"Hakufa, alhamdulillahi."

Akazungusha kikombe mkononi. "Kuna siku mbili, Suleiman, kabla hajafumbua macho, niliomba afe. Nilisali na nikaomba hilo. Ili yaishe." Akakiweka kikombe chini. "Sijamwambia mtu."

Nami nilikuwa na langu, na niliona si haki yeye aseme na mimi ninyamaze. Nikamwambia, "Na mimi, kama yule mtu asingepanda ngazi siku ile, nisingekirudisha kile kipande. Ningekula ndizi zako na ningelala vizuri."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa. Tukabaki hivyo, wazee wawili, mpaka alasiri ikaadhiniwa na watu wakaanza kunyanyuka. Khalfan akajaribu kusimama, goti likamkatalia. Akanyoosha mkono, nikaushika, nikamnyanyua, tukaenda kutawadha.